Camavinga, kiraka wa Madrid

Jumatano ya Mei 4, 2022, kama saa 5 na nusu usiku, kibanda umiza kimoja cha Mbagala kilikuwa kimeanza kupwaya. Riyad Mahrez alikuwa ameifungia Manchester City dakika ya 73, na kwa hesabu ya mechi mbili Real Madrid ilikuwa nyuma 5-3. Mashabiki wa Barcelona, ambao usiku ule walikuwa City kuliko watu wa Manchester wenyewe, walikwishaanza kuimba. Wenye bodaboda walitoka kuwahi abiria.

Dakika mbili baadaye kibao cha kubadilisha wachezaji kikanyanyuliwa. Luka Modrić anatoka. Anaingia kijana wa miaka 19, miguu mirefu, namba 25 mgongoni. Mzee niliyekaa naye benchi moja, shabiki wa Madrid tangu enzi za Hugo Sánchez, akasonya.

“Unamtoa Modrić unaingiza mtoto! Basi tukalale.”

Kijana aliyekaa mbele yetu hakugeuka hata shingo. “Tulia, mzee wangu. Huyo ndo anaingiaga mambo yakishaharibika.”

Dakika ya 90 mtoto huyo aliinua mpira mrefu ukapita juu ya msitu wa mabeki hadi nguzo ya mbali, Karim Benzema akaurudisha katikati, Rodrygo akamalizia. Kabla wenye bodaboda hawajajua warudi ndani au waendelee na safari, Rodrygo huyo huyo akapiga kichwa, 5-5. Dakika za nyongeza zikaleta penalti ya Benzema, na Madrid wakaenda fainali. Magazeti ya asubuhi yalimwandika Rodrygo, kwa haki kabisa. Jina la aliyeuinua mpira ule lilikuwa aya ya nne, ya tano, au halikuwapo.

Kwa lugha ya mpira wetu, mchezaji wa namna hii anaitwa kiraka. Erasto Nyoni alibeba jina hilo kwa miaka, Simba na Taifa Stars: leo beki wa pembeni, kesho beki wa kati, keshokutwa kiungo mkabaji. Ni jina la sifa, na mwenyewe hawezi kulikasirikia, lakini lina ukali wake ukilitazama vizuri. Kiraka hutafutwa nguo ikishachanika. Hakuna anayekwenda dukani kununua kiraka.

Eduardo Camavinga ana mataji mawili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, aliyoyapata kabla ya kutimiza miaka 22. Ameingia kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa akiwa na miaka 17. Ukimuuliza mshabiki yeyote makini swali jepesi kuliko yote, kwamba huyu jamaa hasa anacheza namba ngapi, utaanzisha ubishi utakaomaliza kahawa.

Alizaliwa Novemba 10, 2002, Miconge, katika kambi ya wakimbizi jimboni Cabinda. Cabinda ni Angola kwa bendera, lakini ukitoka Luanda kwa barabara huwezi kufika bila kuvuka ardhi ya Kongo, kwa sababu ule ukanda mwembamba wa DRC unaofuata mto hadi Atlantiki umelitenga jimbo hilo na nchi yake. Wazazi wake ni Wakongo waliokimbia vita. Na walikokimbilia nako kulikuwa ndiyo kwanza kunapanguswa vumbi la vita: Jonas Savimbi aliuawa Februari mwaka huo huo, na makubaliano ya kuweka silaha chini yalitiwa saini Aprili. Miezi saba baadaye akazaliwa Eduardo.

Simulizi ya kambi inauzika sana Ulaya, na mara nyingine nahisi inauzwa kupita kiasi. Mtoto huyu aliondoka Cabinda akiwa na umri wa kama miaka miwili. Kambi ni kumbukumbu ya wazazi wake kuliko yake. Msomaji wa Kigoma, Kasulu au Kakuma hahitaji kusisimuliwa na neno lenyewe. Anazijua foleni za maji na kadi za mgao. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma mwaka 2006, wazazi wake Warundi, na leo anavaa jezi ya Australia. Awer Mabil, naye wa Australia, alizaliwa Kakuma. Hao ni waliofika kwenye televisheni.

Hata Ufaransa yenyewe ilikwishapata kiungo kutoka njia hiyo hiyo. Rio Mavuba alizaliwa mwaka 1984 ndani ya boti, wazazi wake wakiikimbia vita ya Angola, na kwenye hati zake pakaandikwa kwamba amezaliwa baharini. Baba yake alikuwa kwenye kikosi cha Zaire kilichokwenda Kombe la Dunia la 1974. Mtoto akaja kuichezea Ufaransa, kiungo mkabaji. Na kabla yake Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye nitamrudia, kwa sababu kivuli chake kipo Madrid mpaka leo.

Familia ya Camavinga iliishia Fougères, mji mdogo wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, wenye ngome kubwa ya mawe ya zama za kati na historia ndefu ya viwanda vya viatu. Huko ndiko mpira ulikomkuta, na haukumkuta kwa mapenzi. Mtoto alitaka judo. Mama ndiye aliyechoka kuona vitu vya ndani vikivunjwa, kwa kuwa mipira ilikuwa ikipigwa sebuleni, akaamua kumpeleka kwenye klabu ya mji ili kama ni kupiga, akapigie huko. Nimemtazama Camavinga mara nyingi sasa, na kila anapomvua mtu mpira naikumbuka ile judo. Hamvamii. Anamsogelea, anamtoa kwanza kwenye mizani, kisha mguu ule mrefu unapita kama umetumwa. Wachezaji wengi hupora mpira kwa nguvu za bega. Huyu hungoja uzito wa mwenzake uhamie mguu usiofaa.

Mwaka 2013 nyumba yao iliungua. Yeye alikuwa shuleni. Familia iliyokuwa imeanza upya mara moja ikalazimika kuanza upya tena, na baba akamwambia mtoto wa miaka kumi kwamba yeye ndiye atakayeiinua nyumba. Camavinga mwenyewe amelisimulia hilo zaidi ya mara moja. Wazazi wengi wa kwetu wamewahi kuyatamka maneno hayo, ila kwa kawaida yanahusu shule na kazi ya ofisini. Huyu aliyapokea kwa ajili ya mpira na shule, vyote viwili: mwaka ule ule akaingia kituo cha kukuzia vijana cha Rennes, umbali wa kama kilomita 50, na mwaka 2020, akiwa tayari anacheza ligi kuu, akamaliza na kupata bakalorea yake.

Rennes ni shule inayoheshimika. Yoann Gourcuff alipita pale, Ousmane Dembélé pia. Desemba 2018 klabu ilimpa Camavinga mkataba wa kulipwa akiwa na miaka 16 na mwezi mmoja. Aprili 6, 2019 akaingia kwenye mechi ya ligi dhidi ya Angers, mdogo kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuichezea timu ya kwanza ya klabu hiyo. Mpaka hapo ni habari ya kawaida ya kijana mwenye kipaji. Rekodi za umri huvunjwa kila msimu na nyingi husahaulika na wenye nazo.

Iliyobadilisha mambo ni jioni ya Agosti 18, 2019. Paris Saint-Germain walikwenda Rennes wakiwa na Kylian Mbappé na Edinson Cavani, wakatangulia kwa bao la Cavani. Rennes wakarudisha. Katika kiungo, dhidi ya watu waliokuwa na medali kabla yeye hajaanza kunyoa ndevu, alikuwa kijana wa miaka 16 ambaye hakuwahi kuonekana ana haraka. Huu ndio ujuzi mgumu kuliko yote kwa kiungo chipukizi, na haufundishiki kwa maneno: kujua kwamba una sekunde moja zaidi ya unavyodhani. Kipindi cha pili akatia krosi, Romain Del Castillo akaiunganisha kwa kichwa, 2-1. Mwisho wa mwezi akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi ya Ufaransa, na hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kuipata tuzo hiyo.

Pale Rennes, na hili watu hulisahau, hakuwa kiraka. Alikuwa namba sita, mkata umeme kwa Kiswahili cha vijiweni, lakini mkata umeme ambaye akishaukata anakwenda nao mwenyewe mpaka kwenye nyumba ya adui. Timu ilipangwa kumzunguka. Novemba 2019 akapata uraia wa Ufaransa. Desemba akafunga bao lake la kwanza, ugenini kwa Lyon, dakika ya 89, la ushindi. Ligi iliposimamishwa na korona, Rennes walikuwa wa tatu, na kwa mara ya kwanza katika historia yao wakaenda Ligi ya Mabingwa.

Tazama sasa jinsi milango yake inavyofunguka. Agosti 2020 Paul Pogba alipimwa akakutwa na korona. Nafasi yake kwenye kikosi cha Ufaransa akapewa Camavinga. Septemba 8, dhidi ya Croatia, akaingia kumpokea N'Golo Kanté. Alikuwa mdogo kuliko wote walioichezea Ufaransa tangu 1914. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa mwezi uliofuata, Oktoba 7, dhidi ya Ukraine. Dakika ya 9 mpira ulimdondokea akiwa amelipa goli mgongo, akajirusha akapiga tiktaka. Nyavu. Usiku ule Olivier Giroud alikuwa akicheza mechi yake ya 100 ya timu ya taifa, akafunga mawili na kumpita Michel Platini kwa mabao, na Ufaransa ikashinda 7-1. Lakini kilichorudiwa kwenye simu zetu ni miguu ya mtoto hewani.

Baada ya hapo akarudishwa timu ya vijana chini ya miaka 21. Didier Deschamps, kocha wa Ufaransa wakati huo, si mtu wa kuoa kwa sababu ya harusi moja nzuri. Camavinga alirejea kikosi cha wakubwa mwaka 2022, na aliporejea alikuwa mchezaji mwingine, kwa sababu katikati hapo alikuwa amekwenda Madrid.

Kiangazi cha 2021 Real Madrid walimtaka Mbappé, kila mtu alijua, na PSG wakakataa. Agosti 31, siku ya mwisho ya usajili, wakati macho yote yako Paris, Madrid wakamchukua Camavinga kutoka Rennes kwa fedha ambazo magazeti yalizikadiria kuwa zaidi kidogo ya euro milioni 30. Kwa bei za siku hizi ni kama kuokota. Septemba 12, Bernabéu ilipofunguliwa tena baada ya takriban mwaka mmoja na nusu bila mechi, akaingia kipindi cha pili dhidi ya Celta Vigo na ndani ya dakika sita akafunga. Madrid walishinda 5-2.

Wakati ule kiungo cha Madrid kilikuwa nyumba yenye wenyewe: Casemiro, Toni Kroos, Modrić. Watatu hao walikuwa wamecheza pamoja mpaka wanapeana pasi bila kutazamana. Hakukuwa na kiti cha nne. Kocha wao, Carlo Ancelotti, ambaye hasumbuki na nadharia, akamgundulia kijana kazi yake: dakika za jioni. Machi 9, dhidi ya PSG, Madrid wakiwa nyuma, aliingia badala ya Kroos. Dakika chache baadaye Benzema akaanza kufunga, akaweka matatu. Aprili 12, Chelsea wakiongoza 2-0 Bernabéu, aliingia tena badala ya Kroos, na Kroos alitoka uwanjani amekunja uso, hataki kumwona kocha. Mechi ikageuka. Mei 4 ni ile ya Mbagala, badala ya Modrić. Fainali ya Paris, Mei 28, Madrid wakiilinda 1-0 dhidi ya Liverpool, aliingia dakika ya 85.

Kuna watakaosema ni bahati, kwamba timu ya Benzema yule ingepindua meza hata angeingizwa nani. Sikubaliani nao. Katika zile mechi tatu za mtoano Madrid walikuwa wazee waliochoka, na alichokileta Camavinga ni miguu: kuubeba mpira mita thelathini peke yake huku wapinzani wakirudi nyuma, kisha kuupoteza na kuupora tena kabla hata hujalalamika. Kiufundi ni vurugu. Kwa timu inayohitaji bao, vurugu ni dawa. Tatizo ni kwamba kocha akishaona dawa inafanya kazi, huiweka kabatini ili aitumie siku ya homa, haipangi mezani kama chakula.

Kiangazi cha 2022 Casemiro akauzwa Manchester United. Kiti kikawa wazi. Lakini Madrid walikuwa wamekwishamsajili Aurélien Tchouaméni kutoka Monaco, mtulivu, mwenye nidhamu ya kukaa mahali pake, na huyo ndiye aliyekalishwa. Camavinga akapewa jezi namba 12. Kama hukumbuki, 12 ilikuwa jezi ya Marcelo, beki wa kushoto, aliyeivaa kwa zaidi ya miaka kumi. Naamini ilikuwa nambari tu iliyokuwa wazi. Hata hivyo ilikuja kusema kweli.

Qatar, Novemba. Pogba na Kanté wote majeruhi, hivyo ungedhani saa ya kiungo huyu imefika. Mechi ya kwanza tu, dhidi ya Australia, beki wa kushoto Lucas Hernández akaumia goti vibaya, na Ufaransa ikabaki na ndugu yake Theo peke yake kwenye namba hiyo. Dhidi ya Tunisia, Theo akipumzishwa, aliyepangwa beki wa kushoto alikuwa Camavinga. Ufaransa ikafungwa 1-0 na yeye akahangaika vibaya. Kisha Desemba 18, fainali, Argentina wakiongoza 2-0 na Ufaransa haijapiga hata shuti la maana, Deschamps dakika ya 71 akamtoa Theo na kumwingiza yeye, namba tatu. Waliotazama mechi ile wanakumbuka mabao ya Mbappé dakika ya 80 na 81, na wana haki. Rudia mkanda umtazame beki wa kushoto. Alipanda kama winga, akaingia ndani kama kiungo, akarudi kumzuia Messi kama beki. Alikuwa na miaka 20. Ufaransa ilipoteza kwa penalti, na yeye akarudi Hispania na sifa ambayo hakuiomba.

Kwa sababu Madrid nao, mwanzoni mwa 2023, Ferland Mendy akaumia, na Ancelotti alikuwa ameitazama fainali ile kama sisi wote. Miezi iliyofuata Camavinga akawa beki wa kushoto wa Real Madrid. Amesema hadharani kwamba hapendi kucheza pale, akasema pia kwamba akipangwa atacheza. Mei 9, nusu fainali dhidi ya City, alitoka na mpira kutoka upande wake, akaingia katikati ya uwanja akiwaacha watu wamesimama, akampa Vinícius Júnior aliyeupiga kutoka mbali ukaingia. Bao bora la beki wa kushoto ambaye si beki wa kushoto. Wiki moja baadaye Manchester, upande ule ule, Bernardo Silva akafunga mawili, Madrid wakala nne bila. Kiraka hicho hicho. Nguo ndiyo iliyochanika zaidi.

Hapa lazima niseme upande wa pili, maana wapenzi wake hatupendi kuusikia. Namba sita si kipaji tu, ni tabia. Anayecheza pale hukaa. Huuacha mpira mzuri upite mbele yake kwa sababu akiufuata nyuma kunabaki wazi. Camavinga hawezi kuuacha mpira mzuri upite. Huufuata, mara tisa anaupata, mara ya kumi anapata kadi ya njano dakika ya 20, na kocha anaanza kutazama benchi. Ancelotti zaidi ya mara moja alimtoa mapema kwa hofu ya nyekundu. Makélélé, yule mtoto wa Kinshasa aliyecheza Madrid kati ya 2000 na 2003, alikuwa kinyume chake: hakufunga, hakupanda, hakuonekana, na klabu ikaona haifai kumwongezea mshahara. Ikamuuza Chelsea kiangazi kile kile ilichomnunua David Beckham, kisha ikakaa bila ubingwa wa ligi mpaka 2007. Madrid walijifunza kwa gharama kubwa thamani ya mtu anayekaa. Ni ajabu ya mpira kwamba mtoto mwingine wa Wakongo anahukumiwa pale pale kwa kosa la kutokaa.

Lakini atajifunzaje kukaa, iwapo kila akianza kuzoea kiti anainuliwa aende kuziba tundu chumba cha pili? Viungo wengi wazuri huiva namba sita wakiwa na miaka 23, 24, baada ya kucheza mechi nyingi mfululizo mahali pamoja na kukosea makosa yale yale mpaka yakaisha. Yeye makosa yake ameyagawa kwenye namba nne tofauti. Tchouaméni hana nusu ya chenga zake. Anacheza kwa sababu kocha anajua atamkuta wapi.

Novemba 2023 klabu ilimwongezea mkataba hadi 2029, na wiki hizo hizo, mazoezini na timu ya taifa, akagongana na Dembélé, goti, nje mpaka Januari. Alirudi. Tchouaméni akaumia mguu kabla ya fainali ya Wembley, kwa hiyo Juni 1, 2024, dhidi ya Borussia Dortmund, jina la Camavinga likawa kwenye kumi na moja wa kwanza, kiungo, katikati, pembeni ya Kroos katika mechi ya mwisho ya Kroos kwa klabu. Dortmund walisumbua kipindi kizima cha kwanza. Dani Carvajal akafunga kwa kichwa, Vinícius akaongeza. 2-0. Hiyo ndiyo fainali pekee kubwa aliyoianza kwenye nafasi yake, na hata hiyo mlango ulifunguliwa na mguu wa mwenzake.

Msimu uliofuata akapewa jezi namba 6, iliyoachwa na Nacho. Hatimaye, tukasema. Agosti 13, mazoezini kuelekea mechi ya Super Cup ya Ulaya mjini Warsaw, akagongana na Tchouaméni, goti tena. Msimu mzima ukawa wa namna hiyo: anarudi, anacheza, misuli inamkataa. Aprili 8, 2025, London, Madrid wakipigwa 3-0 na Arsenal, akautoa mpira kwa hasira baada ya filimbi, njano ya pili. Wiki mbili baadaye, Getafe, David Alaba alianza beki wa kushoto akashindwa kuendelea. Kipindi cha pili kilipoanza ubao ulionyesha aliyeingia: namba 6, kwenda namba tatu. Kabla mechi haijaisha naye akaumia paja, mabadiliko yamekwisha, akabaki uwanjani kwa kuchechemea ili timu isibaki pungufu. Kano ya msuli ilikuwa imechanika. Fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Barcelona aliitazama. Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani hakucheza.

Nyumbani huwa nasikia Wakongo wa Kariakoo wakimlilia: angekuja kwetu, angevaa jezi ya Leopards, angepangwa katikati na asingeulizwa swali. Huenda. Ni kilio kile kile kuhusu Randal Kolo Muani na wengine wengi, na mashabiki wa Yanga waliomwona Fiston Mayele akiwatetemesha mabeki kwa misimu miwili hawahitaji kuelezwa kwamba ardhi ile haikauki vipaji. Lakini mtu aliyepewa nchi, shule na klabu na Wafaransa, kisha akaambiwa na baba yake ainue nyumba, sioni kwa nini tumdai deni la vita ambavyo hakuvianzisha.

Xabi Alonso alipoichukua Madrid mwaka 2025 nilipata matumaini kidogo. Huyo alikuwa namba sita mwenyewe, tena wa Madrid hiyo hiyo. Kama kulikuwa na mtu wa kumfundisha kijana kukaa, alikuwa yeye. Oktoba 26, Bernabéu, Barcelona. Vikosi vikasomwa: Camavinga ndani, kiungo. Pale Mbagala siku hizi wameweka televisheni mbili na bei imepanda, na yule mzee bado ana benchi lake. Alinitazama akainua kidole gumba.

Mpira ukaanza. Mshoto, namba 6 mgongoni, alikuwa amesimama winga wa kulia.